Kapu la Juu ya Meko

Tatu, mwanangu, ipo Jumamosi moja ambayo kila nikiikumbuka masikio yananipata moto. Lakini kabla sijafika kwenye Jumamosi yenyewe, nikueleze kwanza wasiwasi ulioninyima usingizi wiki nzima iliyoitangulia. Ulikuwa huu: kitunguu kiingie kwenye mawese yakiwa ya moto sana, au yakiwa yameanza kutulia kidogo?

Usicheke. Tangu jana umenitumia jumbe saba za sauti kuhusu wageni wa baba yako watakaokuja kutoka Kasulu Jumamosi hii, na katika ule wa tano umeniuliza kama mgeni anaweza kumjua mpishi mwenye hofu kwa kuangalia wali tu. Wewe na mimi ni wa ukoo mmoja, hakuna ubishi. Nakuandikia kwa sababu nikikujibu kwa sauti nitaanza kufikiri katikati ya sentensi, tutakesha. Na uniruhusu nikuite mwanangu japo nina miaka ishirini na minane. Mimi ni mama yako mdogo, mtoto wa dada yangu ni wangu, na katika hili la kupika huku roho inadunda nimekuwa mzee siku nyingi.

Wakati huo nilikuwa kwa bibi yako, Ujiji, mwaka wa pili tangu nimalize chuo. Nilikuwa nimesoma takwimu. Asubuhi natuma barua za kuomba kazi, mchana nasubiri majibu, na katikati ya kusubiri napika, kwa sababu sufuria angalau lilikuwa linanijibu. Basi kuna mwanamke wa Gungu, Bi Tausi, mwenye mgahawa wa meza sita, alionja sombe yangu ya kisamvu kwenye shughuli ya jirani. Mpishi wake alikuwa ameolewa na kuhamia Mpanda. Akaniita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umesoma mpaka wapi?"

"Nina digrii, mama. Ya takwimu."

"Hiyo inapikwaje?"

Nilitoa bahasha ya vyeti, yeye akairudisha mkobani mwangu kwa mkono wake mwenyewe, taratibu, kama anayemfunika mtoto aliyelala.

"Jumamosi saa saba nakuja kwenu na wateja wangu wanne, wale wanaokula kwangu kila siku. Tupikie samaki, mgebuka mbichi kwa mawese. Wakinyamaza wakati wanakula, jiko lako. Wakianza kuongea siasa, basi tena, tusalimiane tu njiani."

Mwanangu, katika miaka miwili ile, huyo alikuwa mtu wa kwanza kuniambia njoo nikuone unachoweza. Wengine wote walisema watanipigia. Kwa hiyo niliichukua Jumamosi ile kama mtihani wa maisha, na mimi mtihani naujua kwa njia moja tu: daftari.

Nilijaza kurasa kumi na moja. Nilikuwa na jedwali la dakika: saa tatu na nusu kuosha samaki, saa nne kasorobo kuwasha mkaa wa pili. Nilikuwa na ukurasa wa mambo yanayoweza kuharibika, kuanzia chumvi kuzidi mpaka kuku wa jirani kuingia jikoni. Alhamisi nilipanda gari hadi Mwandiga kutafuta mawese, nikaonja kwa wauzaji sita, napaka kiganjani, nanusa, naandika. Yule wa sita, mama mmoja mnene mwenye kicheko, aliniuliza kama nimetumwa na serikali. Nikasema hapana, ninapika tu. "Basi nunua," akasema, "mawese hayajibu maswali."

Bibi yako alijaribu kunisaidia. Nikamwambia, kwa adabu lakini nilimwambia, "Mama, naomba usiingilie. Nikisaidiwa sitajua kama ninaweza." Akasema sawa. Unamjua bibi yako akisema sawa.

Ijumaa jioni nilitwanga kisamvu uani, kile chenyewe tunachokiita sombe, ili nikichemshe kabla ya kulala. Uani kulikuwa kweupe, sikuhitaji hata taa ya simu. Bibi yako akapita na ndoo, akasimama, akatazama juu.

"Mwezi huo, Rehema," akasema.

"Mzuri kweli, mama," nikajibu, nikaendelea kutwanga. Na kwenye daftari, mwanangu, nisikufiche, niliandika: mwanga mzuri, umeme hauhitajiki.

Jumamosi alfajiri nikachukua bodaboda hadi mwaloni Kibirizi, maboti ya samaki yanakotia nanga, na beseni mapajani. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele: wachuuzi wanagombania samaki, maboti yanashusha, maji yananirukia. Nikakuta maboti yote yako mchangani. Wanaume wamekaa kwenye kivuli chake wanashona nyavu, wawili wanacheza drafti kwa vizibo vya soda. Kuhe watatu, samaki wa ndoano, walikuwa juu ya meza moja, na mtu alikuwa ameshawalipia.

Nikasimama pale na beseni langu. Mmoja wa wale wa drafti akainua kichwa.

"Dada, unamsubiri nani?"

"Nasubiri migebuka. Maboti yanaingia saa ngapi?"

Wakatazamana. Kisha wakacheka, si cheko la ubaya, lakini lilikuwa refu.

"Mbalamwezi hii? Nani atavua? Taa yetu haiwezi kushindana na taa ya Mungu, samaki haji."

"Dada ameshuka na treni ya jana huyu," akasema mwenzake.

"Mimi ni wa Ujiji," nikasema.

"Ujiji ipi?"

Nikatamani ziwa linimeze. Babu yangu mzaa mama alivua maisha yake yote. Nimekua nikijua kwamba mwezi ukijaa wavuvi wanapumzika karibu juma zima, kwa sababu dagaa na migebuka hufuata taa gizani, na kukiwa kweupe wanatawanyika tu. Kila mtoto wa mwambao huu anajua. Na usiku wa jana nimetwanga kisamvu chini ya mwezi wenyewe, nikausifia!

Hapo akaja jamaa mmoja mwenye sanduku la barafu. Akafungua kifuniko kidogo tu, kama anayeonyesha siri. Migebuka sita, macho meupe.

"Wa wiki iliyopita hawa, lakini wamelala kwenye friji. Tia ndimu nyingi, kaanga vizuri. Atajua nani?"

Nikaanza kufikiri. Nikafungua daftari ukurasa wa kumi na mbili, nikachora mstari katikati: upande huu kununua, upande huu kutonunua. Nimefika sababu ya nne ya kununua niliposikia sauti nyuma yangu.

"Weye binti, unaandika nini mbele ya samaki mzee namna hiyo?"

Alikuwa Mama Furaha, muuza dagaa wakavu, mmoja wa wale wazee ambao watu wao walivuka ziwa kutoka Kongo kabla mama yangu hajazaliwa. Namfahamu tangu nanunuliwa kashata. Nikamwamkia, nikamweleza yote: Bi Tausi, wateja wanne, ahadi ya mgebuka mbichi, miaka miwili ya barua. Alisikiliza huku anachambua dagaa.

"Lete hilo daftari."

Nikampa. Hakulisoma, alilipima kwa mkono kama anayepima nyama.

"Zito. Na humu ndani hakuna hata mahali pamoja ulipoandika uangalie juu?"

"Hakuna, mama."

"Na nyumbani kwenu umeacha nani?"

"Mama yangu."

"Ulimuuliza?"

Nikanyoosha mkono, nikachukua daftari langu.

"Sikia, binti. Huyu wa barafu ukimnunua, utapika huku unaogopa, na chakula kitatoka na woga wako. Rudi nyumbani. Angalia juu ya meko ya mama yako. Kama hukuti kapu, uje hapa uniambie kwamba siku hizi Ujiji hakuna wanawake."

Kisha akaongeza, na haya ndiyo yaliyonichoma, "Wewe hukukosa samaki. Ulikuwa unapika kwa kuangalia karatasi, na samaki haishi kwenye karatasi."

Nilirudi. Nikamkuta bibi yako ameketi mlangoni anachagua mchele, hana haraka.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba hakuna samaki."

"Nilikwambia, mwezi huo. Ukaniambia mzuri. Mimi nimekatazwa kuingilia."

Alikaza midomo, lakini mabega yalikuwa yanacheka. Kisha akainuka, akavuta kigoda, akaanguka—hapana, hakuanguka, nilidhani ataanguka tu, ndiyo mambo yangu—akaangua kapu lililoning'inia juu ya meko, jeusi kwa moshi. Ndani yake, migebuka mikavu iliyopangwa kichwa kwa mkia. Kila mwezi kabla haujajaa alikuwa ananunua na kuihifadhi pale, kama mama yake alivyofanya, na mimi nilikuwa nimepita chini ya kapu lile kila siku tangu nizaliwe.

Kazi ikabaki moja ngumu kuliko kupika: kumwambia Bi Tausi. Niliandika ujumbe wa kwanza ukawa mrefu kama barua ya kuomba kazi. Nikaufuta. Wa pili ulikuwa na samahani nne. Bibi yako akaniambia, "Mwambie kama unavyoniambia mimi." Nikaandika: "Shikamoo mama. Mwezi umejaa, mgebuka mbichi hakuna, nami sikuangalia. Nawapikia mkavu kwa mawese, sombe na ugali wa muhogo. Karibuni saa saba."

Akajibu neno moja. "Haya."

Mwanangu, nililisoma neno lile kwa robo saa. Haya ya kukubali? Haya ya kukata tamaa? Haya ya tutaona? Bibi yako akaninyang'anya simu, akaiweka ndani ya pipa la unga.

Tukapika. Narudia, tukapika, wawili. Migebuka tuliikata vichwa, tukailoweka kwenye maji ya uvuguvugu, tukaiosha mara tatu mchanga utoke. Mawese nikayaweka motoni, na nilipokuwa nauliza kuhusu kitunguu, bibi yako akasema, "Sikiliza." Yalikuwa yanalia, povu linapasuka pasuka. Baadaye yakanyamaza, ile harufu mbichi ikaondoka. "Sasa," akasema. Nikatia kitunguu. Wiki nzima ya wasiwasi, na jibu lilikuwa linasikika kwa masikio. Nyanya, nyanya chungu zilizopasuliwa, samaki, maji kidogo, ndimu mwishoni. Daftari lilikuwa mezani, likapata doa la mawese kwenye jalada. Bado ninalo.

Saa saba na dakika kumi wakaingia: Bi Tausi, fundi seremala, dereva mstaafu, na akina mama wawili wa dukani. Wakanawa, wakaanza kula. Mimi nilisimama nyuma ya pazia la jikoni kama mtu anayesubiri hukumu.

Kimya. Kimya. Kisha yule seremala akakohoa, akasema, "Lakini mimi nauliza..."

Nikafumba macho. Siasa.

"...huo ugali wa upande wa huko hamuumalizi? Usogezeni."

Wakacheka, wakanyamaza tena, wakaendelea. Walipomaliza Bi Tausi akaja jikoni mwenyewe, vidole bado vina rangi ya mawese.

"Sombe imepungua chumvi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ule mwezi niliuona jana wakati nafungia kuku. Nikasema, kesho nitajua. Ama ataniletea samaki wa friji na hadithi, ama ataniambia. Niliyemjaribu kabla yako aliniletea hadithi." Akafuta mkono kwenye kanga. "Jumatatu unakuja? Au unataka kwenda kufikiri kwanza?"

Nilitaka kwenda kufikiri. Nilitaka sana, mwanangu. Nilikuwa na barua tatu ambazo hazijajibiwa, nilikuwa na watu wa kuwaeleza kwa nini mwenye digrii anapepea mkaa Gungu, nilikuwa na ukurasa mzima kichwani wenye mstari katikati. Nikaangalia kule juu ya meko, mahali kapu lilipokuwa.

"Nakuja," nikasema.

Na nilikwenda. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi niliwasha mkaa wa Bi Tausi, na tangu siku hiyo ni mimi ninayeuwasha. Takwimu zangu hazikupotea. Ninajua siku gani watu wanataka maharage. Lakini kila jioni kabla ya kupanga chakula cha kesho natoka nje kwanza natazama juu, na wateja wanajua sababu, wananitania.

Sasa ushauri wangu, nao ni mfupi. Kuwa na wasiwasi si dhambi, maana anayejali ndiye anayehangaika. Ila usihangaike peke yako na karatasi. Kabla ya kuandika orodha toka nje uone siku yenyewe ikoje, halafu muulize mtu mliye naye nyumba moja, hata kama unamwona hajui jina la digrii yako. Ukikuta ulichoahidi hakipo, sema mapema, kwa maneno machache, na upike vizuri kilichopo. Ukiulizwa jambo ambalo moyo umeshajibu, jibu.

Jumamosi yako mwezi utakuwa mwembamba, nimeshaangalia, samaki watakuwepo. Lakini mpigie bibi yako leo, siyo kesho. Mwambie aingilie.

Mungu akupe mkono mwepesi kwenye chumvi, sikio la kusikia mafuta yakinyamaza, na wageni wanaonyamaza pamoja nayo. Amina, mwanangu. Sasa weka simu kwenye pipa la unga.