Hanimuni ya Malaba

Kumpeleleza? Nimpeleleze nini? Mtu nimemchagua mwenyewe, nimemngoja mwenyewe, nikampigania kwetu mpaka sauti ikanikauka, halafu nikampeleleze? Kama ningetaka kumchunguza ningemchunguza kabla ya nikaha. Maji nishayavulia nguo, sasa nipime kina cha nini?

Lakini ndivyo wasemavyo wanawake wa mtaani kwetu hapa Malindi. Ati yule msichana wa hina alitaka azungushwe Kenya nzima ajue mumewe ana wake wangapi njiani. Mume wangu ni dereva wa trela. Anabeba makontena kutoka bandarini Mombasa mpaka Malaba, mpakani kabisa, na kuna watu hawawezi kuamini kwamba dereva wa trela anaweza kulala peke yake. Sawa. Nitawajibu, lakini iwe mara ya mwisho, maana nimechoka kujibu.

Miaka yote tuliyochumbiana, mimi nilichumbiana na simu. "Uko wapi?" "Niko Mtito." "Mtito kukoje?" "Kuna joto." Basi, hiyo ndiyo Mtito yangu. Eldoret ni mvua inayopiga juu ya bati la gari mpaka hatusikizani. Malaba ni watu wanagombana nyuma yake na yeye ananiambia, "Ngoja, foleni imesogea." Nilimjua sauti, nilimjua kikohozi, lakini ukiniuliza macho yake yanaona nini kutwa nzima, sikuwa na jibu. Kakuyuni kwao nimefika, mamake namjua, mihogo yao nimeila. Lakini yeye haishi Kakuyuni. Anaishi barabarani, na barabara hiyo mimi mwisho wangu Mombasa.

Hiyo hamu ilinikaa. Kisha siku moja nilikuwa Watamu kazini. Kazi yangu ni kupaka hina na piko, ile rangi nyeusi, wageni wa hoteli na maharusi. Hakuna aliyenifundisha, nilijifunza mwenyewe kwa kujichora mapajani, nikiharibu nafunika na dera. Siku hiyo nikampaka bibi harusi kutoka Nairobi. Mumewe amelala kwenye mchanga, yeye kanyoosha mkono unakauka, ananipigia hadithi. Wameoana majuzi, wamechukua gari lao, wanazunguka nchi. Akaniambia, "Asubuhi tukiamka hatujui usiku tutalala wapi." Akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nafikiri, wangu mimi hujua kila usiku atalala wapi, na mimi kila usiku sipo.

Nikafika nyumbani nikampigia. "Tukioana, hanimuni yetu ni kwenda Malaba."

Nasikia injini tu.

"Malaba hii?"

"Kuna nyingine?"

"Sawa," akasema.

Hilo neno. Hilo neno ndilo lililonitesa mimi mwaka mzima.

Nikaanza mipango. Ramani ya simu ilikuwa inakula bando, kwa hivyo nikaichora mwenyewe, kwa hina, kwenye muundi wa mguu wangu. Malindi kwenye kifundo, Malaba chini ya goti. Katikati Mariakani, Voi, Mtito, Nairobi, Naivasha, Nakuru, Eldoret. Kurudi tungepitia Kisumu, kwenye shavu la mguu, tukaone ziwa. Nyanya yangu, ambaye ndiye aliyenilea, akaniona nimekunja dera.

"Hiyo hina au mjusi?"

"Ni barabara, nyanya."

"Barabara ya kwenda wapi, mguuni?"

Sikumwambia bado.

Alipokuja mchumba wangu likizo ndogo, siku mbili, trela kaliacha yadi Mombasa, tukakaa barazani kwetu. Nyanya yuko dirishani, anajifanya anachambua mchele. Nimemwekea mahamri na mbaazi, nikamwekea na maswali.

"Voi tutasimama tuone nini?"

"Voi hatusimami. Ukisimama Voi, Mtito utaikuta foleni."

"Foleni gani? Tutakuwa na gari dogo la mjomba wako!"

"Aa. Kweli." Akatafuna. "Basi tutasimama."

"Naivasha je?"

Hapo macho yakamfunguka kidogo. "Naivasha kuna maegesho mazuri sana. Ardhi ngumu. Hata mvua inyeshe, gari haizami."

"Kuna ziwa, wewe!"

"Ziwa liko. Kuna watu wanauza samaki kando ya njia."

"Hujawahi kulifikia?"

"Na trela nitalifikia vipi?"

"Nakuru?"

"Kabla ya Nakuru kuna mizani ya malori, Gilgil."

Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Mtu ameikata nchi hii kutoka baharini mpaka mpakani, huko na huku, miaka, na alichokiona ni mizani na maegesho. Kila mji anaujua kwa tabia ya lami yake. Nikamwambia, "Basi mimi nitakuonyesha Kenya yako." Akasema sawa. Nikamwambia Nakuru tutalala siku mbili, tuone ndege. Sawa. Eldoret tutafute mahali pa baridi, nivae sweta, sijawahi kuvaa sweta maishani. Sawa. Nikamuuliza sweta ya rangi gani. Hakujibu. Nikageuka. Amelala, hamri mkononi, limeumwa mara moja.

Nyanya akasema kutoka dirishani, "Mwache mtoto wa watu."

Nilimwacha, lakini nilikasirika. Niliona ananidharau. Mimi nazungumza mambo ya maisha yetu, yeye analala!

Siri ya mguuni ilitoka wiki chache kabla ya harusi, na hapo ndipo vita vilipoanza. Kwetu mtu akioa, kuna fungate. Siku saba bibi na bwana harusi wako ndani, hawatoki, hawapiki, hawafui, wanaletewa kila kitu na somo wa bibi harusi, yule mama aliyemfunda. Somo wangu akasikia habari ya Malaba, akaja mbio, mtandio nyuma anaukokota.

"Mwari wangu, fungate ni ya ndani."

"Yangu itakuwa ya nje."

"Nje kuna nini? Kila unachokitaka kitakuwa chumbani."

Wanawake wote waliojaa chumbani wakaangua kicheko. Mimi nikazidi kuwaka.

Nyanya akasema kwa upole, "Mimi fungate yangu sikujua kama nje kuna jua au mvua."

Nami mdomo wangu, Mungu anisamehe, ukasema, "Ndiyo maana hata Mombasa hujafika!"

Nyanya akaendelea kukuna nazi. Akasema, "Nimefika Mombasa. Nilikwenda kumzika babu yako."

Nikavuta nazi nyingine, nikamsaidia kukuna. Lakini jioni nyanya mwenyewe ndiye aliyetoa hukumu: siku tatu ndani, kwa heshima ya watu, kisha niende nikaione hiyo Malaba. Somo akanuna, akakubali. Bosi wa mume wangu alishampa wiki mbili. Mjomba wake alishakubali kutoa gari. Nimeshinda.

Mtu wa mwisho kunipinga alikuwa wifi yangu, dadake mkubwa. Alishuka kutoka Kakuyuni na gunia la nazi za harusi, akaninasa jikoni.

"Wifi, yule umemuuliza kama anataka?"

"Amesema sawa."

"Huyo husema sawa hata akiumwa. Alipokuwa mdogo aliulizwa, utaweza kwenda shamba na homa hiyo? Sawa. Tukamwokota katikati ya mihogo."

"Usinisemee mume wangu!"

"Hajawa mumeo bado."

"Ijumaa atakuwa! Na ukimsema tena mtu wangu mbele yangu, hizo nazi zako utazibeba kichwani mpaka Kakuyuni!"

Ndivyo nilivyo. Mtu akigusa mtu wangu, hata kama anamgusa kwa wema, mimi nimeshapanda. Wifi alinitazama tu, akaanza kupasua nazi.

Harusi ikapita. Sitaielezea, harusi zote mnazijua. Siku tatu tukakaa ndani, na zaidi ya hapo hamtasikia kitu kutoka kwangu. Ila nitasema hivi: kila nikizinduka nilimkuta mikono yake iko mbele, hewani, vidole vimekunjwa, kama ameshika kitu cha duara. Na mguu wa kulia unakanyaga shuka.

Siku ya kuondoka ikafika. Alfajiri, baada ya swala, akatoka kwenda kutayarisha gari. Jana yake aliliosha, akapima mafuta, akatia maji, akafunga kamba mizigo. Hakulalamika hata kidogo. Mimi nikabaki ndani namuaga nyanya, analia yeye, nalia mimi, kama naenda kuhiji. Somo kanipa chupa ya supu ya pweza. "Ya njiani. Mtilie asubuhi na jioni." Hata huyo somo, kumbe alikuwa ameshalainika.

Nikatoka. Watu wamejaa mlangoni, majirani wote waliokuwa wakinisema, wamekuja kuona kama kweli. Gari linanguruma. Yeye yuko kwenye usukani. Mkanda ameufunga. Kioo cha pembeni amekirekebisha. Mikono miwili juu ya usukani, palepale panapotakiwa. Kidevu kimeanguka kifuani, na amelala fofofo.

Nilisimama na mkoba wangu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mimi najua angekuwaje. Ningemgusa bega tu. Angeshtuka, angefuta mate, angesema, "Twende." Na angeendesha. Angenipeleka Voi, Mtito, Nairobi, angenipeleka mpaka Malaba na kurudi, macho mekundu, bila kulalamika, na kila nikimwambia tazama ndege wale angetazama, angesema wazuri. Safari yangu ilikuwa pale, umbali wa kidole kimoja. Sweta ilikuwa kwenye begi. Nilikuwa nimeinunua.

Na sikuwa na huruma tu, msinifanye malaika. Nilitaka kumzaba kibao. Nilitaka kumwagia ile supu. Siku ya siku, mbele ya watu wote hawa, ndiyo unalala?

Nikapitisha mkono dirishani, nikazima injini. Hakushtuka. Mtu aliyelala kwenye magari maisha yake yote, injini ikizimwa ndiyo kwanza analala zaidi. Nikachomoa ufunguo nikautia kifuani. Nikavua leso yangu ya juu nikaitandika kwenye kioo cha mbele, jua lisimpige. Kisha nikakaa kizingitini.

Mmoja wa wale wanawake akauliza, kwa sauti ya sukari, "Haya, bi harusi, hanimuni imefika wapi?"

"Imefika Malaba," nikamwambia. "Sasa tunapumzika. Nendeni mkapike."

Wakaenda, wanacheka. Nyanya akaja akakaa kando yangu. Jua likapanda. Alilala mpaka adhana ya adhuhuri.

Nilidhani ataamka ashukuru. Lo! Alishuka garini amevimba.

"Mbona hukuniamsha?"

"Ulikuwa umelala."

"Ndiyo maana mtu huamshwa! Lete ufunguo. Voi tutafika jioni."

"Sikupi."

"Watu wote wameniona nimelala."

"Wameona mtu amelala. Hawakuona mwizi."

"Nilikuahidi," akasema. Na hapo sauti ikamkatika kidogo. "Kitu kimoja tu umeniomba tangu nikujue. Kuendesha ndiyo kazi ninayoijua. Hata hiyo umeninyima."

Nikaushika ule ufunguo kifuani. Akaingia chumbani, akageukia ukuta kwa hasira, na kwa hasira hiyohiyo akalala mpaka siku ya pili. Anakoroma amenuna. Zile wiki mbili zote tulikuwa hivyo. Akiamka anasema kesho twende, akisema kesho ameshasinzia, na mimi ufunguo nauhamisha, leo chini ya godoro, kesho kwenye pipa la unga. Somo akawa anapasha supu, inapoa, anapasha tena, anasema hajaona fungate kama hii. Uso wa mume wangu ulijaa. Ule weusi chini ya macho ukapungua. Kisha likizo ikaisha akarudi kwa trela lake.

Mpaka leo hatujapatana juu ya jambo hili. Nyanya anasema nilifanya vyema. Wifi yangu, yule wa nazi, alinikumbatia. Lakini yeye mwenyewe anasema nilimvunjia ahadi yake mikononi mwake, na dereva anajua kuamka, kazi yake ni kuamka, ningemwamsha tu. Na mimi, nikiwa Watamu nimeinamia mkono wa mke wa mtu, ananihadithia ziwa, ananihadithia ndege, wekundu, wengi, kuna siku najiambia mume wangu ndiye aliye sawa. Nilikuwa na wiki mbili na mume na gari. Hazirudi kirahisi. Bosi wake hatoi likizo kama peremende. Nimechoka kuulizwa, nimechoka kujiuliza, na ninyi mnaonisema mmekaa tu mnajua kila kitu.

Basi sema wewe: ungemwamsha?