Lori Hupimwa Likiwa Limejaa

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ya tisini mwanzoni, foremani hakunipa nyundo. Alinipa jerikeni mbili za maji nizungushe yadi yote pale Kitengela mpaka vidole vikafa ganzi.

"Umesikia? Hiyo ni kilo arobaini," akaniambia. "Watalii wawili wakioga, imeisha. Na lori inabeba watalii ishirini."

Kazi yetu ilikuwa kugeuza malori kuwa ya safari za kambi: viti, jiko, kabati, hema, tangi la maji. Kila lori lina kikomo cha uzito, kimepigwa kwenye kibati cha mlangoni, na foremani alikiheshimu kibati hicho kuliko bosi. Kila chuma tulikipima kwa mizani ya mbuzi kabla ya kukifunga, tukaandika kilo zake ukutani kwa chaki. Mwisho tulijaza maji, dizeli na kuni, sisi mafundi tukakaa vitini kama watalii, ndipo lori likapelekwa kupimwa.

Foremani alipostaafu tukaletewa meneja wa kuvaa tai. Alitaka tangi la pili, lita mia nne, juu ya paa. Nikamwambia ekseli ya nyuma imefika mwisho.

"Tulipima jana. Iko sawa."

"Tulipima ikiwa tupu, bosi."

"Mimi niko na digrii. Wewe uko na nini?"

Tupu! Ni nani huyo anayesafiri na lori tupu?

Wiki ya tatu baada ya tangi kufungwa, ng'ambo ya Kajiado, springi ya nyuma ilikatika na lori likalala ubavu. Watalii walitoka na michubuko. Dereva wetu Lemayian alipondwa mguu, ukakatwa. Meneja akaandika kwamba dereva alikimbiza gari, akamfuta kazi angali kitandani hospitalini. Lemayian, mtu tuliyekuwa tukimtania kwamba ng'ombe wanampita barabarani! Hasira hiyo haijazeeka pamoja nami.

Sasa nimestaafu. Vijana huniletea magari yao ya kambi, wananionyesha friji na taa. Nikiuliza uzito wanacheka: "Mzee, hii gari iko na nguvu." Nguvu ya injini haijawahi kushikilia springi.

Nimemlaani meneja yule miaka yote hii, na alistahili. Lakini tangi halikupanda paani lenyewe. Nilipinga mara moja tu, kisha nikavaa miwani, nikalichomelea, tena vizuri. Lemayian hunikaribisha chai kila niendapo kwake, na hajaniuliza hata siku moja ni nani aliyelifunga.