Vitambaa vya Kijani Msituni

Asubuhi ile fundi cherehani aliamka kabla ya mumewe, kama kawaida yake, akakaa kwenye mashine kumalizia sare za shule. Mumewe, seremala aliyekwisha kustaafu, alimletea chai. Fundi akaonja, akakunja uso.

"Sukari umesahau, au ndiyo mgomo?"

"Daktari kasema upunguze."

"Daktari kasema mengi."

Watu walimwita Mama Pindo. Ukipita mlangoni kwake na pindo limefumuka, alikuita mtaa mzima usikie, akakushonea papo hapo huku akikusema. Miaka nenda rudi alishona akitazama picha aliyoibandika ukutani: ziwa la mlimani, katikati ya msitu wa misonobari. Ziwa lenyewe halikuwa mbali kwa basi. Ila kila mwaka kulikuwa na sare. Sasa moyo wake ulikuwa umechoka, na daktari alikuwa amemkataza kupanda vilima.

"Nikingoja nipone nitaishia kwenye picha," alisema. "Vaa koti, mzee, twende."

Mlinzi wa msitu aliwaonya: ukungu ukianza kufunika kilele cha mlima, rudini mara moja. Mama Pindo akampigia saluti. Alikuwa na mfuko wa vipande vya kitambaa, mabaki ya sare, na kila njia ilipogawanyika alifunga kimoja tawini, wasije wakapotea. Walipanda polepole. Mara kwa mara alisimama akajifanya anaangalia miti. Mumewe akajifanya anaamini.

Ziwa lilikuwa limetulia tuli, kilele kimelala ndani yake. Mama Pindo alivua viatu, akaingiza miguu, akapiga ukelele kama mtoto. Seremala alimtazama yeye, kilele hakukijali. Alipokuja kuinua macho, kilele hakikuwepo.

Ukungu uliwakuta njiani. Kwenye njia panda ya kwanza walitafuta kitambaa, wasikione. Ndipo ilipowaingia akilini: sare zile zilikuwa za kijani.

"Fundi mzima," alisema akihema, "nafunga kijani kwenye majani!" Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Midomo ilikuwa imeanza kubadilika rangi.

"Kaa hapa, nikatafute watu."

"Ukiondoka tutapotea wawili, kila mtu kivyake. Nishike."

Akafumba macho, akaanza kupapasa matawi, moja moja. Majani makali yalimchoma vidole. Mumewe alisikiliza pumzi yake tu.

"Hiki hapa. Nailoni hii, haina adabu."

Wakateremka hivyo, yeye akipapasa, mumewe akimshikilia asianguke. Kwenye njia panda ya mwisho nguvu zilimwishia. Seremala akampandisha mgongoni, akaita watu mpaka sauti ikamkauka. Filimbi ya mlinzi ikajibu kutoka chini.

Walimlaza kwenye benchi kibandani kwa mlinzi, wakaita gari la wagonjwa. Gari lilikuja, lakini moyo wake ulisimama kabla hawajafika hospitali. Maneno yake ya mwisho aliyasema pale kwenye benchi, ameshika kola ya mumewe:

"Watoto wetu wakija usiwaambie nilipotea, maana sikupotea. Nilikwenda ziwani, nikaliona, na maji yake ni ya baridi kwelikweli."