Barua ya Kusoma Nyota

Katekista Felician wa Ushirombo alikuwa mtu wa hakika. Ukimpelekea jambo hakusema "sijui". Alikohoa kidogo, akakata shauri. Watu walimheshimu kwa hilo, nao hawakukosea sana. Aliyekuja kuponzwa na hakika hiyo ni bintiye mwenyewe.

Kabla ya ukatekista alikuwa mchimbaji huko Geita. Asubuhi alitangulia wenzake shimoni, mtaimbo mkononi, akigonga mwamba uliokuwa juu ya vichwa vyao. Mwamba uliolia kwa sauti kali ulikuwa mzima. Uliovuma kama debe ulikuwa umeachana kwa ndani, na hapo aliwarudisha watu nyuma. Miaka tisa aligonga, na hakufukiwa mtu. Mgodi ulipofungwa mwaka 1966 alirudi nyumbani kulima na kufundisha dini, akamsomesha mtoto wake wa pekee, Salvina, ambaye kwa hesabu alikuwa moto wa kuotea mbali.

Salvina akafika Chuo Kikuu, akasoma fizikia, kisha akapangiwa kufundisha Shinyanga. Barua zake bado zilipitia sanduku la parokia, na mwenye ufunguo wa sanduku ni Felician. Mwezi wa Mei 1981 ikaja bahasha nene. Akaifungua bila haya. Baba ni baba. Ndani mlikuwa na makaratasi ya Kiingereza, ambacho hakukijua, na kikaratasi cha Kiswahili kutoka kwa mwalimu wake wa Chuo: "Hongera, Salvina. Umepata nafasi ya kwenda kusoma nyota Ulaya. Jibu kabla ya mwisho wa Juni."

Kusoma nyota! Maneno hayo Felician aliyafahamu vizuri. Yaliandikwa kwa chokaa kwenye mlango wa mganga mmoja pale Kahama, aliyewasomea watu nyota zao na kuwatajia wachawi wao. Mama yake Felician naye alikuwa mfumu, akipasua kuku na kupiga ramli kwa matumbo yao, na Felician alikimbilia misheni akiwa kijana ili asirithi shanga zake. Wazee walisema ufumu huruka mtoto ukamwangukia mjukuu. Na Salvina alikuwa na macho ya bibi yake, na tabia ileile ya kumtazama mtu kwa muda mrefu bila kusema neno.

"Kumbe hata Wazungu!" alinong'ona, akaitia bahasha chini ya daftari la ubatizo. Akaitoa Agosti, Salvina alipokuja nyumbani.

"Imechelewa, mwanangu," alimwambia. Salvina aliisoma amesimama, akaikunja, akasema, "Haya, Baba." Akarudi Shinyanga kufundisha.

Miaka minne ikapita. Desemba 1985 Salvina alikuja likizo, na asubuhi moja walikuwa uani watatu wakibambua karanga. Apolonia, mama yake, ndiye aliyeanza.

"Hivi ile kusoma nyota uliyoikosa, ilikuwa kusoma nini hasa?"

"Jua halitulii, Mayu," alisema Salvina. "Uso wake unapanda na kushuka, kila dakika tano hivi. Ndani linavuma, ila mvumo haufiki huku maana kati yetu hakuna hewa ya kuubeba. Wataalamu wanapima ule mtikisiko, nao unawaambia ndani mna nini, ambamo jicho haliingii. Na nyota ni majua tu yaliyo mbali."

Mikono ya Felician ilisimama. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi aliuliza swali.

"Wanaligongaje?"

"Halihitaji kugongwa, Baba. Linachemka, na mchemko wake ndio unaolitikisa. Kazi yetu ni kulitegea sikio." Akajisahihisha. "Kazi yao."

Felician alitamani ardhi immeze. Kazi ile aliijua! Katika Ushirombo nzima nani angeielewa kuliko yeye? Angeuza ng'ombe, angemsindikiza binti hadi uwanja wa ndege akijigamba njia nzima. Majuto ni mjukuu, huja kinyume.

"Salvina," alisema, "barua ile haikuchelewa. Niliificha."

"Najua, Baba. Muhuri wa posta ulikuwa wa Mei."

"Na ukaninyamazia miaka yote hii?"

Salvina alitabasamu. "Mimi ni mwanao wa pekee. Nilijua umeshindwa kuniachia niende mbali, na unaona haya kusema. Siku ileile nilikusamehe. Nikilikumbuka huwa najiambia, angalau nina baba anayenipenda kupita kiasi."

Felician angeweza kunyamaza hapo. Apolonia, aliyejua yote, alimkazia macho anyamaze. Lakini katekista alikuwa amewafundisha watu kuungama kwa miaka kumi na tisa.

"Sivyo, mwanangu. Nilidhani unakwenda kujifunza ufumu. Nilimwona bibi yako ndani yako, nikaogopa."

Tabasamu likamtoka Salvina. "Uliniogopa mimi?"

"Ndiyo."

Salvina alimtazama kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akakung'uta maganda kwenye khanga yake na kumwuliza mama yake basi la Shinyanga linapita saa ngapi. Likizo yake ilikuwa imebakiza wiki mbili.