Simsim ya Mwenyewe

Nilipokuwa mtoto, huko Siyu, niliamini kabisa kwamba jini anaweza kusafiri katika pindo la kanga. Si kwamba nilitishwa nikaogopa tu. Niliamini kama ninavyoamini leo kwamba chumvi huyeyuka majini. Wajukuu wangu nikiwasimulia hucheka mpaka wakashika mbavu. Wacheke. Wao hawakumjua bibi yangu, wala hawajapata kulala na njaa kwa ajili ya ua lisilofika shubiri moja.

Bibi yangu, mamake mama, ndiye aliyenilea. Jina lake Mwana Shee, na maneno yake yalikuwa ya Siyu: ndoo kwa njoo, ndia kwa njia, tukua kwa chukua. Alikuwa na konde lake la mtama nje ya mji, ukishapita makaburi, nalo lilipakana na shamba jingine ambalo watu waliliita Konde la Mwenyewe. Mwenyewe ndiye jini. Jina lake halisi hakuna aliyelijua, na kama yupo aliyelijua, hakulitaja. Akikasirika, alichomoza chini ya mashina ya mtama kwa sura ya maua mekundu, madogo, mazuri ajabu. Palipochomoza maua yale mtama ulidumaa, majani yakawa manjano hata mvua inyeshe vipi, na masuke hayakujaa. Nilipokuwa mkubwa nilisikia watu wa bara wakiyaita kiduha. Sisi hatukuyaita jina.

Mwenyewe alikuwa na masharti yake, na bibi aliyajua yote. Konde lile lisipandwe mtama wala mahindi. Lipandwe simsim, ambayo wengine huiita ufuta, maana ndicho chakula akipendacho. Akiamshwa kwa simsim hutoka, hula akashiba, akaenda zake. Simsim yenyewe hailiwi nyumbani kwa mtu. Wanawake wa upande ule waliivuna pamoja, wakaipika kashata, zikagawiwa mji mzima siku ya maulidi, kila mtu kipande chake, ili Mwenyewe akitaka kumfuata aliyemlia chakula chake asijue amfuate nani. Punda asilishwe pale. Na mtu akitoka konde lile kwenda jingine, sharti asimame mpakani, penye kigingi cha mkoko, ageukie alikotoka, akung'ute pindo la nguo mara tatu na afute nyayo zake kwa majani.

Mimi nilikuwa mtoto wa kuuliza. Kwa nini mara tatu? Jini anayeweza kuruka toka Siyu hadi Maka ana haja gani na pindo langu? Na kama anapenda simsim, mbona maua hatuyaoni kwenye simsim, tunayaona kwenye mtama asioupenda? Bibi alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniambia nishike jembe. Hilo ndilo lililokuwa jawabu lake kwa mambo mengi.

Basi mwaka mmoja, katika miaka ile ya hamsini, Konde la Mwenyewe lilimwangukia Bi Zaituni. Alikuwa mwanamke wa Matondoni, binti wa fundi wa mashua, aliyeolewa kwetu, na mumewe alipofariki akamwachia konde na watoto wawili wadogo. Kwao alizoea harufu ya mbao na mafuta ya papa, si jembe. Wanawake walimweleza masharti yote. Akawajibu kwa upole kwamba watoto wake hawawezi kula kashata mara moja kwa mwaka wakashiba. Akapanda mtama.

Mvua ilikuwa nzuri, mtama ukapanda hadi kiunoni, watu wakaanza kunong'ona kwamba labda Mwenyewe amehama. Kisha maua yakachomoza. Nakumbuka nilisimama kigingini nikayatazama, nikaona uchungu kwamba kitu kizuri namna ile ndicho kinachoogopwa. Konde zima lilikuwa na vidoa vyekundu, na katikati yake Bi Zaituni ameinama, anang'oa, anatupa kando, anang'oa. Alichokivuna mwaka ule hakikujaza vikapu vitatu.

Baada ya mavuno, konde likiwa halina mtu, niliingia. Ilikuwa alasiri, bibi yuko upande wa pili wa shamba letu akikata mabua. Nilitaka kumwona Mwenyewe, basi. Nilichukua kijiti nikachimba kando ya ua moja, polepole, nikafuata mzizi wake. Nilitazamia nini sijui, pengine kucha, pengine nywele. Nilichokiona ni kwamba mzizi wa ua ulikuwa umekwenda moja kwa moja kwenye mzizi wa mtama ukaung'ang'ania, kama mtoto na ziwa la mamake. Nikachimba la pili, la tatu. Yote yalikuwa yakinyonya. Moyo wangu ulidunda kwa furaha, wallahi, furaha na si hofu, kwa kuwa nilijua kitu ambacho nilidhani hata bibi hakijui.

Lau ningekomea hapo. Lakini yale maua yaliyokuwa bado mekundu niliyaona mazuri, nikayakusanya pamoja na mengine yaliyokwisha kukauka, nikayafunga kikuba, kama wanawake wanavyofunga asumini na rehani wakavaa kifuani. Niliyafunga kwa uzi mweupe niliomwibia bibi kwenye kikapu chake, uzi wake mzuri wa kushonea kofia. Nilipopita kigingini sikukung'uta kitu, maana mikono ilishika kikuba. Nikaingia konde letu nikijitazama kifua, najiona bibi harusi.

Hapo nikasikia bibi akiniita, na sauti yake iko karibu. Nilikichomoa kile kikuba, nikachimba kwa vidole penye shina la mtama lililokwisha kukatwa, nikakifukia. Bibi akatokea, akanitazama mikono yenye udongo. Aliniuliza nafanya nini. Nikamwambia natafuta mende wa shamba. Tukarudi nyumbani.

Mwaka uliofuata mtama wetu ulikuwa bora kuliko wote wa upande ule. Siku moja bibi aliinama kupalilia, akakawia kuinuka. Nilipomfikia nilimkuta ameshika ua jekundu moja. Mbele yake yalikuwapo mengine, yamekusanyika mahali pamoja, eneo la mkeka wa kusalia. Na mahali pale nilipajua. Nilifukia maua yaliyokufa, mbona yameamka? Hata katika hofu ile swali hilo halikuniacha. Jioni nilikwenda kwa siri mpakani, nikachuma kikonyo kikavu cha ua la mwaka uliopita, nikakivunja kiganjani. Likatoka vumbi jeusi, laini kuliko unga wa mkaa, na nilipopumua tu likapaa lote.

Habari ikaenea kabla ya magharibi. Mwenyewe ameingia konde la Mwana Shee, na kila mtu akajua ametoka kwa nani. Waliokuwa wakimhurumia Bi Zaituni wakaacha. Shemeji yake, ambaye alikuwa akilitaka konde lile tangu nduguye hajazikwa, akasema wazi kwamba mwanamke aliyewaletea watu balaa hafai kukaa nalo. Arudi kwao Matondoni, na watoto wa ndugu yake watabaki kwake. Wazee wa makonde hawakukataa. Walisema tu watamsikiliza Mwana Shee, kwa kuwa shamba lililodhuriwa ni lake. Akisema ni Zaituni, yamekwisha.

Siku tatu sikula vizuri. Nilimtazama bibi akishona kofia, nami nikifungua mdomo na kuufunga. Niliwajua watoto wale wawili, mdogo alikuwa bado hajui kufunga kanzu yake. Nilijiambia kwamba labda ni kweli Bi Zaituni ndiye, labda kikuba changu hakikufanya kitu. Mtoto akitaka kujidanganya hujua njia zote.

Siku ya nne wanawake walikuja uani kwetu kupeta, na walipokwisha kukaa, Bi Zaituni akaja mwenyewe bila kuitwa. Alisimama mlangoni na mwanawe mdogo amemshika nguo. Bi Mwanakombo, jirani yetu mwenye ulimi mkali, alimwambia aseme mbele ya watu ni lini alipitia konde la Mwana Shee bila kukung'uta. Bi Zaituni alisema hajapita. Alisema alifuata kigingi kila siku, mara tatu, hata alipokuwa na mzigo kichwani. Hakulia wala hakuapa. Alimtazama bibi yangu tu, akingoja.

Bibi alikuwa anavuta uzi kwenye kofia yake, polepole mno, na kwa mara ya kwanza maishani nikaona mikono yake haina haraka.

Nikasema, "Ni mimi."

Wanawake wakageuka. Nikasimulia yote, kikuba, kuchimba, kufukia, vumbi jeusi nililoliona, hata kukung'uta nilikokuacha. Uzi tu sikuutaja. Jamani, wizi nao juu yake ulikuwa mwingi. Nilingoja kofi. Bi Mwanakombo alikwisha kuinuka kulileta. Bibi akamwashiria akae, akaniambia, "Ndoo hapa, mwanangu." Nikaenda. Akaniuliza jambo moja tu, na aliuliza kwa sauti ya kusikiwa na wote:

"Yalikuwa mabichi au makavu?"

Nikasema yalikuwa yote mawili.

"Makavu ndiyo hayo," akasema. Kisha akawageukia wenzake. "Mwenyewe hakutumwa na Zaituni. Ametukuliwa na mtoto wangu, katika nguo, na hii ndiyo ndia yake siku zote. Kawaambieni wazee."

Bi Mwanakombo aliuliza kwa unyonge kama basi jini ni yule aliyemo ndani ya vumbi. Bibi akamjibu kwamba yeye hajui Mwenyewe hulala ndani ya nini. Anajua tu ukimng'oa yungali mbichi hazai, na ukimwacha akakauka umekwisha. Hapo ndipo nilipotambua kwamba kile nilichodhani nimekivumbua peke yangu, bibi alikijua kabla mama yangu hajazaliwa.

Bi Zaituni alibaki na konde lake na watoto wake. Lakini sisi tulilipa. Nusu ya konde letu, ile iliyoingiwa, bibi aliipanda simsim na kunde miaka miwili. Katika nusu iliyobaki safi alimwazima Bi Zaituni fungu apande mtama, naye Bi Zaituni akakubali simsim katika Konde la Mwenyewe. Mtama wetu haukufika msimu hadi msimu. Kulikuwa na usiku tuliokunywa uji mwepesi tukalala, na bibi hakunikumbusha hata mara moja ni kwa ajili ya nani. Kazi yangu ilikuwa kwenda kila asubuhi kabla ya chuo cha Kurani, kupita mtama mstari kwa mstari, kung'oa kila kilichochomoza kabla hakijafungua ua, kuweka kikapuni, kwenda kuvichoma kando. Nilikung'uta pindo mpaka kanga ikachakaa. Tulipanda mtama tena katika nusu ile mwaka wa tatu, na nilihesabu maua saba.

Nilikuja kuolewa Kililana, na huko nikalima mahindi yangu. Miaka mingi baadaye alikuja bwana shamba mmoja, kijana, akatukusanya akatueleza habari za kiduha. Mbegu yake ni vumbi, hukaa ardhini miaka na miaka ikingoja mzizi wa kunyonya. Simsim huiamsha, kisha haina pa kushika, hufa kwa njaa. Safisheni nguo na majembe, msilishe mifugo pale, ng'oeni mapema mchome. Wenzangu walishangaa. Mimi niliona kichekesho, kwa kuwa jambo moja tu alitofautiana na bibi: bibi alisema Mwenyewe hushiba akaenda, yeye alisema hufa na njaa. Nilimwuliza kama kukung'uta mara tatu kunatosha. Akasema zaidi ni bora.

Hunijia swali kama bibi aliamini jini kweli, au alimtumia ili watu wafuate kazi. Zamani nilitaka sana kujua. Sasa nadhani aliamini, na kwamba imani haikumzuia kutazama. Alikuwa akitazama kila kitu.

Naye alinitazama mimi. Nilipoolewa alinipa kikapu chake cha kofia, macho yake yakiwa hayaoni tena tundu la sindano. Chini kabisa, chini ya vitambaa, nilikuta kipande cha uzi kilichofungwa duara, chenye rangi ya udongo. Nilitambua fundo lile, fundo baya la mtoto asiyejua kushona. Nikamwuliza amekipata wapi. Akasema alikiokota konde alipokuwa akilima kabla ya mvua, mwaka ule, akajua uzi ni wake lakini hakujua umefunga nini. Maua yalipochomoza papo hapo, akajua.

Maana yake alijua siku zote tatu. Alijua Bi Zaituni aliposimama mlangoni na mtoto wake. Alikuwa na neno la kumwokoa tayari mdomoni, akavuta uzi, akaningoja mimi.

Sikuthubutu kumwuliza angengoja mpaka lini. Hata leo nikisimama mwisho wa shamba langu na kukung'uta nguo, moja, mbili, tatu, hujiuliza swali hilo pale pale, na naogopa jibu kuliko nilivyopata kumwogopa Mwenyewe.