Jino la Kabula

Siku yangu ya kwanza katika hospitali ya Shinyanga nilinyimwa koleo la meno. Nilikuwa dresa, yaani msaidizi wa kufunga vidonda na kugawa dawa, na nilikotoka nilisifika kwa kung'oa jino kabla mgonjwa hajamaliza kupiga yowe. Mganga Mkuu, mtu wa maneno machache, alilifungia koleo kabatini.

"Kung'oa unajua," alisema. "Sasa jifunze kungoja."

Niliudhika sana.

Haukupita muda akaletwa Kabula, mtoto wa kijiji cha Ibadakuli aliyekuwa ndiyo kwanza ameota meno ya ukubwani. Walipokuwa wakitwanga pamoja, mchi wa dada yake ulimpiga mdomoni. Jino la mbele lilining'inia.

"Litoe tu, bwana dresa," mama yake alisema. "Hilo limeshakwenda."

Mganga Mkuu alilirudisha kwa kidole, akalifunga kwenye meno jirani kwa uzi wa hariri.

"Mama Kabula, mpe uji. Mzizi wa jino la mtoto haujafunga ncha yake. Damu huenda ikaingia tena."

"Lini?"

"Hata mimi sijui."

Uzi ulipotolewa jino lilikuwa limeshika, ila likageuka kijivu. Wenzake wakaliita jino la maiti, na Kabula akaanza kucheka huku ameziba mdomo. Iliniuma. Kila alipokuja tuliligusa kwa pamba yenye maji baridi, maana jino hai hushtuka. Lake halikushtuka. Lakini ufizi haukuvimba wala kutoa usaha, basi tukangoja.

Baadaye nikahamishiwa zahanati ya mgodini, upande wa Geita, na huko koleo likawa langu. Baba yake Kabula naye akaja kuchimba, familia ikamfuata. Siku moja Mama Kabula akaniletea bintiye, sasa msichana mkubwa.

"Hataki hata kwenda ngomani kwa ajili ya jino hili. Bwana Mkuu wako hayupo. Toa."

Nililishika koleo. Lakini mazoea yana taabu: nikachovya pamba kwanza kwenye maji ya mtungi, nikaligusa jino.

Kabula akaruka. "Yoo! Linauma!"

Nilicheka kwa furaha.

"Mtoto analia, wewe unacheka?" Mama Kabula alifoka.

"Linauma, mama! Liko hai!"

Alininyang'anya pamba, akaligusa mwenyewe, apate kumsikia mwanawe akilia tena.

Siku hizi nimestaafu, na mikono inatetemeka hata kwa kikombe cha chai. Juzi Kabula, sasa bibi mwenye wajukuu, alikuja kunisalimu na miwa miwili. Jino bado lina ukijivu kidogo. Muwa wake aliumenya kwa meno ya mbele, akicheka mdomo wazi. Wangu aliumenya kwa kisu, akaukata vipande vidogo vya kufyonza, maana mimi sina hata jino moja.