Tangazo la kisomo nililoliandika mwenyewe, likataka kumponza mdogo wangu aliyekuwa vitani

Wakuu, heshima kwenu, na mabibi mliomo humu mnaosoma kimya kama nilivyokuwa mimi miaka yote.

Mimi ni muuza vitambaa, duka langu liko Mlandege. Haya yamenikuta mwenyewe na sitii chumvi, maana hata bila chumvi yamenikaa kooni. Majina nimebadilisha na nchi sitaitaja, kwa hiyo msinichimbe.

Nina mdogo wangu wa kiume, tumwite Haji. Ni askari jeshi. Kwetu Kizimkazi, na kabla ya yote Haji alikuwa mwandishi. Si wa vitabu, wa mitandaoni. Alikuwa na page yake, anaandika vituko vya watalii wanaokwenda kutazama pomboo wakaishia kutapika boti nzima. Watu walikuwa wanashika mbavu.

Mwaka uliopita kikosi chao kikapelekwa nchi ya watu kulinda amani. Kufika huko, amani yenyewe hakuna, ni vita.

Alipokuja kuaga alituweka chini mimi na mama. Wameshasomewa masharti: marufuku kuandika mtandaoni walipo, wanapokwenda, wako na nani, wala kuweka picha. Page yake akaifunga mbele yetu. Na sisi jamaa tusiandike.

"Dada, hasa wewe," akaniambia. "Wewe ndo mwenye magroup."

Kweli, mimi ni admin wa group la ukoo, la wauza vitambaa na la akina mama wa kisomo. Nilicheka. Nilidhani ananitania.

Miezi ikapita. Akipiga simu anasema maneno yale yale, "Mzima, nakula vizuri," basi. Mama akawa anashinda na simu mapajani kutwa nzima.

Alhamisi moja mchana, niko dukani napima kitambaa, ukaingia ujumbe kwa namba nisiyoijua: "Dada, Haji hapa. Jumamosi alfajiri tunahama, tunakwenda upande wa daraja lililovunjika. Huko si kuzuri. Mwambie mama aniombee. Futa."

Nikafuta, wallahi. Kisha nikampigia mama.

Sasa msiotoka kwetu nifahamuni hapa. Kwetu mtu akiwa na zito anasomewa. Watu wanaalikwa, Qur'ani inasomwa, dua inaombwa, watu wanakula wanaondoka. Na kila anayekuja anataka ajue anaombewa nani, na kwa lipi. Mama akasema kisomo kesho Ijumaa baada ya Alasiri, tangazo niandike mimi.

"Na uitaje shida yake, mwanangu. Watu watamuombeaje na hawajui anakwenda wapi?"

Nikaandika. Na nilivyo na kiherehere, nikaandika vizuri hasa: familia inawaalika kwenye kisomo cha kumuombea kijana wetu Haji, ambaye Jumamosi alfajiri yeye na kikosi chake wanahamia upande wa daraja lililovunjika, Mwenyezi Mungu awalinde. Chini nikamalizia: "Fikisha kwa wengine upate thawabu."

Yaani ujumbe wake niliufuta, halafu nikautangaza kwenye magroup yote matatu. Na sikuona kosa! Kichwani mwangu mtandaoni ni kule kwa umbea na picha. Hii ilikuwa dua.

Ijumaa asubuhi kaja dukani mteja kutoka Kiwengwa, simjui wala hanijui. Anachagua kitambaa cha sare ya harusi, simu yake ikalia, akasoma, akatikisa kichwa.

"Maskini mtoto wa watu," akasema, akanionesha.

Lilikuwa tangazo langu. Na kuna mtu kalipachika picha ya Haji amevaa kombati.

Nikamuuliza kalipata wapi. "Kantumia shoga yangu, na yeye katumiwa na mtu wa Bara."



Nikafuta kwenye magroup yangu yote. Wapi! Maji yakimwagika hayazoleki. Nikaanza kupiga simu, mmoja baada ya mmoja, na kila mmoja kabla sijamaliza salamu ananijibu kwa furaha: "Usihofu Bi Zuhura, tangazo lako nshalituma kwa watu chungu nzima!"

Jirani yangu wa duka, Mzee Khamisi, anashona viatu, lakini ujanani alikuwa jeshini. Nikamkimbilia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona umepauka hivyo?"

Nikampa simu. Akasoma mara mbili. "Bi Zuhura, hapa umetaja siku, wakati na njia. Adui anataka nini tena?"

Akaniuliza kama tulipewa namba ya jeshi ya kupiga jamaa wakiwa na dharura. Tulipewa. Akasema piga sasa hivi, wakiwahi kujua watabadilisha.

Hapo ndipo nilipokwama, wakuu. Nikipiga wataniuliza nimejuaje. Nikisema kweli, Haji kavunja amri vitani, kazi imekwenda na pengine jela inamngoja. Nikinyamaza, kikosi kizima kinaweza kukuta watu wamekaa kwenye lile daraja wanawasubiri. Nilikaa kwenye benchi la yule mzee nikalia, wateja wananitazama.

Nikapiga.

Aliyepokea alikuwa mpole, na upole wake ulinitisha kuliko angefoka. "Taarifa hii umeipata wapi?"

Ulimi ulitaka kusema nimeiokota tu mtandaoni. Nikasema, "Kwa mdogo wangu." Nikalitaja jina lake.

"Umefanya vizuri kupiga. Usiandike kitu tena."

Alasiri nyumba ya mama ilifurika. Mama furaha tupu, ananinong'oneza, "Umeona tangazo lako?" Watu wanaitikia Amin, mimi nahesabu saa zilizobaki kufika alfajiri.

Jumamosi kimya. Jumapili kimya. Simu nalala nayo. Siku ya tisa akapiga.

"Mzima, nakula vizuri." Kisha akasema, "Kule hatukupita. Na mimi narudishwa, dada. Unajua kwa nini."

Sasa yuko Kizimkazi, anasubiri uamuzi wa kesi yake. Mama hajui kitu. Anaamini kisomo ndicho kilichomrudisha, na mimi siwezi kumbishia, maana huenda ni kweli.

Wiki iliyopita akataka kisomo cha shukrani. "Andika tangazo mwanangu, kama lile." Nilipita nyumba kwa nyumba kwa miguu, napiga hodi.

Nilichojifunza: masharti yale si ya askari peke yake. Kumponza mtu si lazima uwe jasusi, ukiwa dada mwenye mapenzi na bando inatosha. Na Mungu hahitaji kutajiwa daraja.

Nawauliza, mngekuwa nyinyi mngemtaja? Semeni ukweli, hata wa kuniumiza.

Na mtakaouliza mbona naandika tena: jana nilimpelekea Haji uzi huu barazani ausome kwanza. Akafuta mistari minne, akanirudishia simu.

"Sasa weka," akasema.

Tangu arudi, ukiacha salamu, hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyonipa.